Uwanja wa Kamiriithu

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko zamu usiku huu, katika mazungumzo yetu juu ya nchi jirani leo tunaelekea Kenya, katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru. Tunakwenda huko kutafuta jibu la swali ambalo kila askari wa kituo hukutana nalo siku moja: watu wakilalamikia ngoma, mchezo au shughuli yoyote ya utamaduni mahali wanapoishi, malalamiko hayo yapokelewe vipi?

Kamiriithu ni kijiji kilichoanzishwa na wakoloni katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, walipowakusanya watu ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Kilirithi kituo cha vijana kilichochakaa. Mwaka 1976 wanakijiji walikifufua. Waliunda kamati, wakaanza kisomo cha watu wazima, kisha wakaazimia kuwa na mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii wakauandika kwa Kikuyu, ukaitwa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda.

Hapo ndipo lilipo funzo la kwanza. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wakazi walihudhuria bila kukatazwa. Nao hawakunyamaza. Wazee walilalamika kwamba wazee wa mchezoni hawasemi kama wazee wasemavyo. Waliojua nyimbo na desturi za zamani walisahihisha zilizokosewa. Waandishi, waliokuwa wasomi, hawakuona haya kurekebishwa na wakulima na vibarua. Penye wengi hapaharibiki neno. Wanakijiji wakajenga kwa mikono yao uwanja wa wazi wa kuketi watazamaji zaidi ya 2,000. Mtu aliyekuja kulalamika akaondoka akiuita mchezo ule kuwa ni wake.

Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Unamhusu mkulima Kiguunda, mwenye shamba la ekari moja na nusu, anayeshawishika kukopa benki ili afunge ndoa ya kanisani, na hatimaye shamba lake linauzwa na kuangukia mikononi mwa tajiri Kioi. Hadithi ya namna hiyo haiwezi kumpendeza kila mtu. Lakini aliyechukizwa nayo alikuwa na uwanja uleule wa kusimama na kusema.

Njia hiyo haikufuatwa. Kenya huru ilikuwa imerithi kwa mkoloni utaratibu wa kibali cha mikutano na maonyesho. Tarehe 16 Novemba 1977 Mkuu wa Wilaya ya Kiambu aliondoa kibali cha mchezo. Mwisho wa Desemba mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 wanakijiji walipotaka kuonyesha mchezo mwingine, Maitu Njugira, milango ya Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Nairobi ilifungwa. Tarehe 11 Machi kituo kilifutiwa usajili. Kesho yake malori matatu ya polisi yalifika Kamiriithu, na uwanja ukabomolewa.

Ndugu askari, tutafakari siku hiyo ya tarehe 12 Machi. Waliotumwa huko hawakukuta silaha wala wahalifu. Walikuta viti na jukwaa lililojengwa na watu wa rika la baba zao na mama zao. Aliyetoa amri alikuwa ofisini. Aliyeonekana na wanakijiji akiuangusha uwanja wao alikuwa askari. Heshima ya askari kwa raia hujengwa kwa miaka mingi, na kazi ya namna hii huiharibu kwa saa chache.

Wala kubomoa hakukumaliza jambo. Akiwa kizuizini Kamiti, Ngũgĩ aliandika riwaya nzima, Caitaani Mutharaba-ini, juu ya karatasi za chooni. Na mwezi Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilichezwa Nairobi katika Jumba lilelile la Taifa. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 2025, na kazi yake ingali inasomwa.

Hatusemi kwamba kila ngoma iachwe ikeshe, au kwamba mkazi anayenyimwa usingizi apuuzwe. La hasha. Mlalamikaji ana haki ya kusikilizwa, lalamiko lake likaandikwa, na mwenye shughuli akaitwa kujibu. Likiwa ni la saa, saa zipunguzwe. Likiwa ni la njia kuzibwa, njia ifunguliwe. Likiwa ni la maneno yasiyopendeza, maneno yajibiwe kwa maneno. Wanakijiji wa Kamiriithu waliyafanya hayo kabla mtu yeyote hajawafundisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bali ufa huzibwa kwa udongo na subira, wala hauzibwi kwa kuivunja nyumba.