Msalaba na Bendera katika Njia Panda ya Dumila

Dumila ni mji mdogo wa soko katika wilaya ya Kilosa, mahali ambapo njia kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma huachana na njia iendayo Kilosa. Msafiri ashikaye njia ya Kilosa hupita Msowero. Na yule atokaye Morogoro huwa amekwisha kupita Dakawa, karibu na mto Wami, kabla ya kufika Dumila. Majina haya matatu aghalabu hutajwa kwa ajili ya mpunga na mahindi. Lakini yana haki ya kutajwa pia katika historia ya jambo linalozungumzwa sana duniani leo, nalo ni utaifa wa Kikristo: yaani itikadi ya kuwa taifa fulani, na mara nyingi watu wa rangi fulani ndani ya taifa hilo, wamepewa na Mungu haki ya kutawala, na kwamba kanisa lina wajibu wa kuitetea haki hiyo katika siasa. Katika njia hii utawala uliobebwa na fikira ya namna hiyo uliingia kwa karatasi mwaka 1884. Na katika njia hii hii, karibu miaka mia moja baadaye, walipata makimbilio watu waliofukuzwa kwao na fikira hiyo hiyo.

Mwezi wa Novemba 1884 Carl Peters na wenzake walipanda kutoka Saadani mpaka Usagara. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu hakuja na uponyaji. Huko Msowero alifanya mkataba na Mangungo, ambaye karatasi ilimwita sultani. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya urafiki wa milele. Maneno yaliyofuata yalidai kuwa Mangungo ameitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, itumiwe na Wajerumani. Mangungo hakuijua lugha ile, wala katika desturi za Usagara hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kuiuza nchi ya watu wote kama auzavyo mbuzi. Hata hivyo, tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, karatasi hizo zilipata hati ya ulinzi ya Kaisari. Tangu hapo jina la Mangungo limekuwa mithali ya mikataba mibaya, ingawa kwa haki lawama yamstahili zaidi aliyeiandika karatasi kuliko aliyewekewa alama chini yake.

Peters alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, lakini hakuna anayeweza kumhesabu katika watu wa sala. Alichokiabudu ni nguvu, na taifa lake kama chombo cha nguvu. Ajabu ni kwamba mtu wa namna hiyo aliona upesi kuwa anahitaji misheni. Mwaka 1886 huko Berlin kiliundwa chama cha misheni ya kiinjili kwa ajili ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, naye Peters akawa miongoni mwa waliokisukuma. Nia yake ilikuwa dhahiri: koloni la Kijerumani lipate wamisionari wa Kijerumani, nao wamfundishe Mwafrika kazi pamoja na sala. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Peters ilitangaza zawadi kwa insha itakayoeleza njia bora ya kumlea Mwafrika apate kufanya kazi za mashamba makubwa. Aliyeshinda alikuwa mmisionari, Alexander Merensky. Hapo msomaji aweza kuona jinsi swali la dini linavyogeuzwa taratibu. Swali la kwanza lilikuwa, mtu huyu ataokokaje? Swali la pili likawa, mtu huyu atatufaaje?

Isidhaniwe kuwa Wakristo wa Ujerumani walinyamaza wote. Friedrich Fabri, kiongozi wa misheni ya Rhine, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1879 kuyataka makoloni. Lakini Gustav Warneck, mwanachuoni mkubwa wa elimu ya misheni, alionya kuwa Injili haina uraia, na kwamba misheni ikifanywa mtumishi wa dola itapotea yenyewe. Warneck hakuwa adui wa koloni wala hakuwa mtetezi wa uhuru wa Waafrika. Katika mambo mengi alikuwa mtu wa zama zake. Nguvu ya onyo lake ni kuwa lilitoka ndani ya nyumba. Hakusema kwamba utaifa utawadhuru wageni tu; alisema utaidhuru imani ya wenyewe.

Ukweli wa onyo hilo ulionekana karibu na Dumila yenyewe. Katika milima ya Ukaguru, huko Mamboya, wamisionari wa Kiingereza wa CMS, watu wa kiinjili, walikuwa wamefika kabla ya Peters. Waumini wao wakajikuta chini ya bendera ya Ujerumani na walimu wa taifa jingine. Vita vilipotokea mwaka 1914, Waingereza hao waliwekwa kizuizini, na walimu wa Kiafrika walikamatwa na kuteswa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi. Baada ya vita, zamu ikawa ya Wajerumani: wamisionari wao wakafukuzwa Tanganyika. Muumini aliyefundishwa kuwa Mungu ni mmoja aliona Mungu huyo akivishwa sare mbili zinazopigana. Tena hata palipokuwa na amani, rangi ilikuwa na kiti chake kanisani. T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru tangu mwaka 1957 na kuchapisha kitabu chake juu ya misheni ya huko mwaka 1982, alionyesha jinsi wamisionari walivyohubiri udugu na huku wakiishi mbali na ndugu zao. Udugu uliishia mlangoni.

Huko Ulaya mti uliopandwa ulizaa matunda yake. Peters alifukuzwa kazi mwaka 1897 kwa ukatili wake Kilimanjaro, baada ya August Bebel, msoshalisti asiyekuwa mtu wa kanisa, kumshitaki mbele ya bunge mwaka uliotangulia. Mwaka 1937 Hitler alimrudishia heshima, ingawa alikuwa marehemu tangu 1918. Wakati huo lilikuwapo kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani, lililotaka wachungaji wenye asili ya Kiyahudi waondolewe, na kanisa lifuate damu na taifa. Waliolipinga walikutana Barmen mwezi wa Mei 1934 wakatamka kuwa kanisa halina bwana mwingine ila Kristo. Tamko hilo halikuwataja Wayahudi, na upungufu huo haufichiki; lakini liliuonyesha ugonjwa mahali ulipo. Ilikuwa ni fikira ya Warneck, iliyorudi imechelewa miaka hamsini.

Yafaa sasa kurudi njiani, tutoke Dumila kuelekea Morogoro, mpaka Dakawa. Hapo, katika miaka ya 1980, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipewa ardhi na serikali ya Tanzania, kama kilivyokuwa kimepewa Mazimbu, mahali palipokuwa shamba la mkonge, ambapo kilijenga shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Waliokaa humo walikuwa wamekimbia dola iliyojiita ya Kikristo. Katika kanisa kubwa la Kireformati la makaburu, mtengano ulianza kwa jambo lililoonekana dogo: mwaka 1857 sinodi iliruhusu weusi na weupe waabudu mbali mbali, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya waumini. Udhaifu uliohurumiwa ukawa desturi, desturi ikawa mafundisho, na mafundisho yakawa sheria. Mwaka 1948 chama cha ubaguzi kilipochukua serikali, waziri mkuu wake, D. F. Malan, alikuwa amewahi kuwa mchungaji. Ilipofika mwaka 1982, umoja wa makanisa ya Kireformati duniani, uliokutana Ottawa, ulitamka kuwa kuutetea ubaguzi huo kwa Maandiko ni uzushi. Mwaka 1990 Willie Jonker, mwanatheolojia wa kanisa lile, aliungama dhambi hiyo hadharani. Kutoka ruhusa mpaka toba ilipita miaka 133.

Habari hizi zamsaidia msomaji kuyaelewa mambo ya Marekani, ambako neno hili la utaifa wa Kikristo latajwa zaidi siku hizi. Katika uchaguzi wa 2016, kadiri ya wanne katika kila Wakristo watano weupe wa kiinjili walimpigia kura Donald Trump, mgombea wa mrengo wa kulia; na katika uchaguzi mbili zilizofuata, za 2020 na 2024, wengi wao hawakugeuka. Wengine hueleza jambo hili kwa mafundisho, hasa juu ya utoaji mimba na ndoa. Sababu hizo zipo, na wako wazishikao kwa moyo safi. Lakini Wakristo weusi wa Marekani, ambao wengi wao husoma Biblia ile ile na kuimba wokovu ule ule, walipiga kura kwa wingi mno upande mwingine. Mafundisho yakiwa mamoja na kura zikawa mbili, sharti itafutwe sababu nyingine. Wako wanahistoria, kama Randall Balmer, washikao kwamba viongozi wa kiinjili walikusanyika kwanza si kwa sababu ya mimba, bali kuvitetea vyuo vyao vilivyobagua rangi, kama Bob Jones, kilichonyimwa msamaha wa kodi mwaka 1976 na kushindwa katika mahakama kuu mwaka 1983. Wengine huyapinga maelezo hayo kuwa ni ya upande mmoja. Hata hivyo, hakuna awezaye kuiandika historia ile akairuka rangi.

Je, ni kusema kwamba dini isiingie katika siasa kabisa? La, hasha. John Dube, rais wa kwanza wa ANC mwaka 1912, alikuwa mchungaji. Oliver Tambo alitaka kuwa padre wa Kianglikana. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968, aliupiga vita ubaguzi kwa sababu ya imani yake, wala si kinyume chake. Na uamsho wa kiinjili uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 uliwafanya wamisionari weupe waungame mbele ya Waafrika kiburi chao cha rangi. Basi ukiinjili si ubaguzi, wala dini katika siasa si dhambi kwa yenyewe. Kipimo ni kingine: je, imani inampa muumini nguvu ya kulihukumu taifa lake, au inamwondolea aibu ya makosa ya taifa lake?

Mfano wa tofauti hiyo Watanzania wanao vinywani mwao. Wimbo wao wa taifa umetokana na utenzi wa kanisa aliotunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, mwaka 1897. Huimbwa na Mkristo, na Mwislamu, na asiyekuwa mmoja wao, wala hapana anayeona kuwa ametolewa nje. Sababu yake ni nyepesi: wimbo ule huomba baraka, haudai milki. Mkataba wa Msowero ulitaja urafiki wa milele ukachukua nchi. Wimbo huu hautaki kitu cha jirani. Pale Dakawa, wakimbizi wa Afrika Kusini waliimba sauti moja na wenyeji wao kila mmoja kwa lugha yake, na wote walimwomba Mungu yule yule ambaye kwa jina lake walikuwa wamefukuzwa kwao.