Bayi, mjomba na nauli ya Tanga

Najua nimepotea. Majaribio yalinibana, na boom nalo limekuja likaondoka kama mgeni wa mchana. Leo nina stori ya historia, ila imeanzia nyumbani, Mazingara.

Juzi mdogo wangu kanipigia: "Kaka, naomba nauli ya Tanga, kuna majaribio ya mpira. Shule nitarudi baadaye." Sijamjibu. Kwetu ukitaja mpira namkumbuka mjomba, aliyewahi kutamba mkoani. Leo medali zake ziko kwenye kopo la maziwa na yeye yuko shambani na jembe. Kijijini wanasema alichezea ujana wake.

Basi jana nikakaa maktaba, badala ya kusoma nondo za semina nikawa namsoma Filbert Bayi.

Wote tunajua Christchurch, Februari 1974. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo, akamwacha John Walker wa New Zealand na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1975 akavunja na ya maili, kule Kingston, Jamaica. Mwaka 1976 Tanzania ikasusia Olimpiki ya Montreal, Walker akachukua dhahabu. Moscow 1980 Bayi akapata fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji.

Sasa swali la kimjini: alilipwa shilingi ngapi? Jamani, kanuni za riadha za wakati ule zilikataza mtu kulipwa kwa kukimbia! Na nyumbani tulikuwa kwenye Ujamaa. Tangu Azimio la Arusha la 1967 njia kuu za uchumi zilikuwa mikononi mwa umma. Mtaji angeutoa wapi, na biashara angeifungua wapi?

Mlango ulikuja kufunguka baadaye. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliwapa watu binafsi nafasi kubwa ya kuendesha shule, na humo ndimo Bayi na mkewe Anna walimopita. Shule zenye jina lake zipo Kimara na Kibaha, na mwaka 2003 akaanzisha taasisi yake pale Mkuza ya kulea vipaji vya vijana.

Mlinganishe na Haile Gebrselassie wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 mwaka 1996 na 2000. Yeye alikuta zawadi za fedha na mikataba ya matangazo ni halali, akajenga mahoteli. Ile ya Hawassa ilifunguliwa 2010. Haile alianza na mtaji. Bayi alianza na jina tu, tena akasubiri miaka mingi baada ya mbio.

Ndipo nikamwelewa mjomba. Hakuchezea ujana. Alicheza enzi ambazo mpira ulilipa nauli na soda, na alipoacha hakuwa na jina la kufungulia hata kibanda. Nina deni la kumwomba radhi.

Na dogo? Nimeamua. Nauli natuma, ila ya kwenda na kurudi. Jumatatu awe darasani.

Wadau, nimekosea? Tupo pamoja.