Homa ya Siku ya Kumi: Gharama Isiyoandikwa ya Tiba ya Saratani Kaskazini Mashariki

Tafiti nyingi za kiuchumi kuhusu madhara ya dawa za saratani ya mapafu hutegemea madai yanayopelekwa kwa bima: mgonjwa alilazwa siku ngapi, alidungwa nini, ankara ilifika kiasi gani. Hesabu hiyo inafaa pale ambapo kila anayezidiwa hufika hospitalini. Kaskazini Mashariki mwa Kenya haifai. Huko mzigo hubebwa na familia kabla bima haijaguswa, na mgonjwa asiyefika kabisa huonekana vitabuni kama akiba.

Tatizo linaanza na mwendo wa dawa zenyewe. Dositakseli, peke yake au pamoja na kaboplatini, hutolewa kwa saa chache, lakini chembe nyeupe za damu hushuka mno kati ya siku ya 7 na ya 14, mgonjwa akiwa amesharudi kwao. Homa ikipanda wakati huo ni dharura. Miongozo ya kimataifa hutaka antibayotiki ndani ya dakika 60 tangu afike hospitalini. Kituo cha saratani cha kanda kiko Garissa. Kutoka Mandera ni zaidi ya kilomita 600, kwa barabara ambayo mabasi yalishambuliwa na al-Shabaab Novemba 2014 na Desemba 2015. Homa ikianza wakati wa magharibi, familia hungoja kuche.

Wakipata gari la kukodi, fedha hutoka zizini. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, mifugo ilikonda na bei ikaporomoka. Safari ileile ikadai mbuzi wengi zaidi. Kwa mfugaji, mbuzi jike aliyeuzwa ni maziwa ya watoto na uzao wa mwaka ujao. Hasara hiyo huendelea hata baada ya mgonjwa kupona, na sijui kwa nini wachumi wa afya waiite gharama ndogo ya ziada.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, Oktoba 2024, ilitenga shilingi 400,000 kwa kila kaya kwa mwaka kwa saratani, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Kila shilingi inayotumika kutibu maambukizi ambayo yangezuilika inapunguza fungu la dozi zilizobaki. Hivyo madhara ya tiba huila tiba yenyewe. Kinga ipo: sindano ya filgrastimu huinua chembe nyeupe. Lakini huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, nayo Garissa joto la mchana hupita 35. Jokofu la sola, kipimo cha damu na antibayotiki katika hospitali za Elwak na Wajir, zilizo njiani kutoka Mandera, vingestahili kulipiwa na fungu hilohilo la saratani. Vingewafaa pia wagonjwa wa saratani ya umio, ambayo imekithiri katika eneo hili na hutibiwa kwa baadhi ya dawa hizihizi.

Kabla ya hapo, daftari la kliniki liongezewe safu moja: nani hakurudi kwa dozi iliyofuata, na nini kilimzuia. Swali hilo aulizwe ndugu wa mgonjwa kwa simu, kwa Kisomali, ndani ya wiki hiyohiyo.