The High and the Mighty (filamu)

The High and the Mighty ni filamu ya Marekani ya mwaka 1954 kuhusu ndege ya abiria inayopata hitilafu katikati ya Bahari ya Pasifiki. Iliongozwa na William A. Wellman, na mswada wake uliandikwa na Ernest K. Gann kutokana na riwaya yake mwenyewe ya mwaka 1953.

Ndege aina ya Douglas DC-4 inaondoka Honolulu kwenda San Francisco. Imekwisha kupita pale ambapo kurudi ni mbali kuliko kusonga mbele, ndipo injini moja inaposhika moto na mafuta kuanza kuvuja kwenye bawa. Rubani mkuu Sullivan (Robert Stack) anaingiwa na hofu na kutaka kutua baharini gizani. Anayemzindua, tena kwa makofi, ni rubani msaidizi Dan Roman (John Wayne), mzee anayechechemea, ambaye mke na mtoto wake walikufa katika ajali ya ndege aliyokuwa akiiendesha yeye. Mizigo inatupwa nje ili chombo kiwe chepesi. Mengine yote ni kungoja, na hapo ndipo penye uzito wa filamu hii: abiria wanaoona huenda hawatafika wanaanza kuambiana ukweli wa maisha yao.

Uhalisi wa filamu hii una chanzo chake. Gann alikuwa rubani wa ndege za abiria na aliwahi kuruka njia ya Honolulu. Wellman alikuwa rubani wa kivita katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika chumba cha marubani hesabu ya mafuta inatisha kuliko moto wenyewe. Baadhi ya masimulizi ya abiria ni marefu kupita kiasi, lakini mvutano haulegei.

Dimitri Tiomkin alipata Tuzo ya Oscar kwa muziki wake, na mluzi wa Dan Roman ukajulikana sana. Claire Trevor na Jan Sterling waliteuliwa wote wawili kuwania tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike. Filamu za majanga ya angani zilizofuata, ikiwemo Airport ya 1970, zilipita njia iliyofyekwa na hii.

Baada ya kuonyeshwa kwenye televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1980, filamu ilitoweka kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu ya mikanda yake ikaharibiwa na maji. Familia ya Wayne, iliyorithi haki zake, ilisimamia ukarabati wa picha na sauti, na DVD ikatoka Agosti 2005. Atakayeitazama asiiharakishe, imetengenezwa kwa watu wenye subira.

Ndege halisi iliyotumika katika picha za nje ilipotea Pasifiki mwezi Machi 1964 ikitoka Hawaii, baada ya rubani kuripoti moto kwenye injini. Watu wote 9 waliokuwamo walikufa.