Kulinda tanki ya mazutu gari ikilala njiani

Kwenye barabara ya Kalemie kwenda Nyunzu, matope yakikamata lori, shofere na msaidizi wake wanalala palepale, ndani ya kabini. Asubuhi mzigo uko, magurudumu iko, lakini mazutu imepungua.

Wengi wananunua kifuniko chenye kufuli, basi. Ni vizuri, lakini mwizi anaweza kupita chini: kuko buloni ya kumwagia uchafu, kuko pia mipira inayopeleka mafuta kwenye injini. Kwa hiyo buloni ile nayo ifunikwe na chuma kinachofungwa kwenye shasi. Kisichomelewe juu ya tanki! Hata tanki iliyomwagwa inabaki na mvuke, na mvuke ule unalipuka. Mdomoni, chujio ya chuma iliyokazwa vizuri inazuia mpira wa kunyonya.

Kuko wanaoiba, kisha wanatia maji ili kipimo kisionekane kushuka. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwani maji yanaharibu pompi ya injeksheni. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini. Basi mbele ya kuwasha injini, toa kidogo kutoka chini ya tanki, weka ndani ya chupa nyeupe, ngoja. Ukiona tabaka mbili, usiwashe.

Jioni, pima tanki kwa fimbo, piga alama, na msaidizi aone. Mazutu ikipotea, mwenye gari anamshuku shofere wa kwanza, na mara nyingi inakatwa kwenye mshahara wake.