Hongo, Ngoto na Kodi

Watoto wetu shuleni, wasikiapo neno hongo, huinamisha macho, kwa kuwa siku hizi maana yake ni mali itolewayo kwa siri ili haki ipotoshwe. Lakini wazee wa zamani walilitamka neno hilo pasipo aibu. Kwao hongo ilikuwa ushuru wa njia, ambao msafiri alimpa mwenye nchi mbele ya watu wote. Basi yatupasa kuuliza: mnyonge kumtolea mali mwenye nguvu, maana yake ilikuwa nini?

Tuanze milimani kwetu Uluguru. Huku ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa mama. Mtu wa ukoo mwingine alipopewa mahali pa kulima, alimpelekea mkuu wa ukoo ule ngoto, yaani sehemu ndogo ya mazao yake. Ngoto haikumtajirisha mkuu. Ilikuwa kama kusema, "Najua ya kuwa ardhi hii ni yenu." Aliyeacha kuipeleka alikuwa kana kwamba anasema, "Ardhi hii ni yangu." Kwa hiyo kilichogombaniwa hakikuwa kikapu cha mahindi, bali neno lililomo kikapuni.

Sasa tushuke bondeni. Kisabengo, mtu wa asili ya Kizigua, alijenga chini ya milima, karibu na mto Ngerengere, mji wenye ukuta wa mawe, ukaitwa Simbamwene kwa jina la binti yake. Alipokufa, binti huyo akatawala. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita hapo, nayo ilihitaji maji, chakula na usalama. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alijiwa na wajumbe wa mtawala huyo wakidai hongo. Akawajibu kwamba msafara wake uliotangulia umekwisha kutoa, na desturi ni mwenye misafara kutoa mara moja tu. Wajumbe wakakubali. Twaona basi ya kuwa hata hongo ilikuwa na mpaka wake, na mwenye nguvu naye alifungwa na desturi.

Lakini wako wenye nguvu wasiojua mpaka. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala Ibrahim kumtolea mfalme wa Ureno dhahabu mithkali 1500 kila mwaka. Dhahabu hiyo ya kwanza ilifuliwa huko Lisbon kuwa chombo cha kanisani, nacho kimehifadhiwa hata leo. Watu wa Kilwa walipata nini? Mwaka 1505 Wareno walirudi, wakaupiga mji na kuuteka. Mali ilitoka, wala amani haikuja.

Wadachi nao walipokwisha kuitawala nchi, walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Neno lilibadilika, hongo ya mpita njia ikawa kodi ya mwenyeji nyumbani mwake. Tena mzigo wa mtawaliwa si fedha peke yake. Wakati wa Waingereza watu wa Uluguru walilazimishwa kukata matuta katika miteremko ya milima. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lakini nguvu ilikuwa ya wakulima, na shauri halikuwa lao. Mwezi wa Julai mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, na kazi ile ya kulazimishwa ikaachwa.

Basi tusiwahesabu wazee wetu kuwa waoga kwa sababu walitoa. Mara nyingi aliyetoa alinunua njia, au shamba, au usiku mmoja wa usingizi. Tupime kila utoaji kwa maswali matatu: Je, ulitolewa mbele ya watu? Je, ulikuwa na kiasi kijulikanacho? Je, mpokeaji alirudisha kitu? Ngoto hushinda maswali yote. Hongo ya Simbamwene hujibu vizuri kuliko tulivyodhani. Dhahabu ya Kilwa ilikuwa na kiasi, lakini haikurudisha kitu.

Na hongo ya leo, ile ya mkono chini ya meza? Haijibu hata moja. Imeiba jina la ushuru wa zamani, ikaacha desturi yake njiani.