Jiko la Makindu Lisilomuuliza Mgeni Jina

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, akifika Makindu huwa amekwisha kupita nusu ya safari. Hapo kando ya barabara, katika kaunti ya Makueni, lipo hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926, na ndani ya ua wake kuna jiko. Anayeingia hukuta dengu, chapati, wali, mboga na chai ya maziwa. Haulizwi dini wala kabila, na akishashiba haletewi bili. Akichelewa njiani, hupewa pia mahali pa kulala. Sanduku la sadaka lipo, lakini hakuna anayelichunga kuona nani katia na nani kapita.

Jiko la namna hii Makalasinga huliita langar, na asili yake ni Punjab, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji ambacho leo kiko Pakistan. Wafuasi wake husimulia kwamba alipokuwa kijana baba yake alimpa fedha akafanye biashara, naye akazitumia zote kuwalisha watawa aliowakuta na njaa njiani, kisha akarudi nyumbani akisema hakuna biashara yenye faida kuliko ile. Miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 1539, aliishi Kartarpur, akilima pamoja na wafuasi wake na kula nao kwenye mkeka mmoja.

Katika India ya wakati ule, jambo hilo lilikuwa zito. Mtu wa tabaka la juu hakugusa chakula kilichopikwa na mtu wa tabaka la chini, sembuse kuketi naye bega kwa bega. Langar iliwakalisha wote chini, katika safu moja, wakala chakula kilekile. Jiko la Guru wa pili, Angad, lilisimamiwa na mkewe, Mata Khivi, na jina lake limo katika kitabu kitakatifu cha Makalasinga kwa sababu ya ukarimu wa jiko hilo. Guru wa tatu, Amar Das, alikaza utaratibu: aliyetaka kuonana naye alipaswa kwanza kuketi na kula na wengine. Masimulizi yao yanasema hata mfalme Akbar alipomtembelea aliketi chini akala. Chakula hakina nyama, na kwa maoni yangu hapo pana hekima kubwa, maana Mwislamu, Mhindu na Mkristo wote waweza kukila bila wasiwasi wa nani kachinja na nini kimechinjwa. Gharama zilibebwa na waumini wenyewe, ambao wamefundishwa kutenga sehemu ya kumi ya pato lao kwa ajili ya wengine.

Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ufukoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha, lakini zaidi ya 6,000 walibaki. Makalasinga miongoni mwao walikuwa zaidi mafundi: maseremala, wahunzi, waashi. Makindu ilikuwa moja ya vituo vya kazi njiani, na hapo walikusanyika jioni, baada ya kazi, kusali na kula pamoja.

Ukambani, nchi ya Makindu iliyopitiwa na reli hiyo, haikuwa na shibe. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha mvua zikakosekana, na mwaka 1898 na 1899 njaa kali ikaikumba nchi, na ndui ikafuata nyuma yake. Vibarua wa reli walikula mchele ulioletwa kwa meli kutoka India huku wenyeji wakifa njaa kandokando ya reli ileile. Huwezi kuisimulia historia ya chakula cha bure Makindu ukaiacha njaa hiyo. Eneo lile bado ni kame, na mwaka mvua zinapokataa watu wake ndio wa kwanza kuumia.

Hekalu lilipokamilika mwaka 1926, jiko lilipata makao. Baadaye shughuli za reli hapo zilipungua, na familia nyingi zilizolitegemeza zikahamia miji mikubwa. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, Waasia wengi wa Kenya walihamia Uingereza. Ingekuwa rahisi mahali kama pale pabaki magofu. Hapakufa, kwa sababu waliohama hawakukata mkono wao. Hadi leo wajukuu wa mafundi wale huja kutoka London na Birmingham kuzuru Makindu, na michango yao ni sehemu ya moto unaowaka chini ya masufuria yale. Sehemu nyingine ni ya watu wa hapahapa: gunia la unga, dumu la mafuta, noti inayotiwa sandukuni na msafiri aliyekwisha kula, saa chache za kuosha sahani. Kuosha sahani za wengine ni ibada kwao, na tajiri hasamehewi.

Ukilitazama jiko hili, utaona kwamba halikudumishwa na tajiri mmoja. Limedumu kwa sababu michango midogo haikukatika. Na limedumu kwa heshima, kwa kuwa anayekula hadaiwi maelezo ya umaskini wake. Hapo ndipo tunapokosea mara nyingi siku hizi. Tunapanga wajane mstari, tunawapa pakiti mbili za unga, na kabla hawajaondoka tunawataka watabasamu mbele ya kamera. Mtu aliyelishwa namna hiyo amelipa, tena amelipa ghali.

Si Makalasinga pekee waliofanya kazi hii kwetu. Misikiti ya pwani imefuturisha wapita njia kizazi baada ya kizazi, na fungu la sadaka ya tende na uji limetolewa na watu ambao nao hawakuwa na kingi. Mwaka 2012, Wawira Njiru, wakati huo mwanafunzi Australia, aliwapikia rafiki zake chakula cha jioni ili kuchangisha fedha. Fedha hizo zilifungua jiko dogo Ruiru lililolisha watoto 25 wa shule. Leo shirika lake, Food4Education, linalisha watoto wa shule kwa maelfu mengi kila siku ya masomo, na wazazi huchangia kiasi kidogo kwa kila sahani. Makindu na Ruiru zinatofautiana kwa mengi, lakini zote mbili zilianzishwa na watu wa kawaida waliopika walichokuwa nacho, na zote mbili hutegemea wachangiaji wengi wanaotoa kidogo.

Jiko la hisani huumia zaidi sikukuu zinapopita. Mwezi wa Ramadhani na wiki ya Krismasi michango hufurika, kisha miezi inayofuata ghala hubaki na magunia matupu, na walaji ni walewale. Kwa hiyo usingoje sikukuu. Tafuta jiko lililo karibu nawe, liwe la msikiti, kanisa, hekalu au shule, uliza linapungukiwa nini, upeleke hicho, hata kama ni kilo mbili za maharagwe. Mwezi ujao upeleke tena. Na kama huna cha kupeleka, nenda ukaoshe sahani.